Mbuzi wa Ogwedhi Wameonekana

Baba,

Umeshinda. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwepo ungenikatiza salamu uulize habari za mbuzi.

Unakumbuka mkutano wa mwisho Ogwedhi, wewe mchanjaji wa miaka mingi na mimi karani wa takwimu wa mradi wa chanjo ya mifugo, nimetoka Suna na kompyuta yangu na maringo yangu? Ulisema mbuzi wa Ogwedhi hawachanjwi, wanakufa. Nikakupinga mbele ya watu: jumla ya waliochanjwa Ogwedhi ni nzuri, jumla ya mbuzi katika masoko yote ni nzuri, sasa hao wanaokufa ni wa wapi? Watu wakacheka. Uliniambia tu, "Nyathina, mwanangu, ng'ombe anaweza kumficha mbuzi," ukaketi. Mwezi uliofuata tukakuzika, mtoto wako hajakuomba msamaha. Imeniuma, Baba.

Juzi meneja alitaka kuondoa chanjo ya mbuzi Ogwedhi, eti kazi imekwisha. Nikayakumbuka maneno yako. Nikairudia ile programu ya takwimu, nikaiambia isinipe soko peke yake wala mnyama peke yake. Inipe jumla ndogo ya kila mchanganyiko: soko, mnyama na anayemchunga. Ogwedhi, ng'ombe, wanaume: kumejaa. Ogwedhi, mbuzi, wanawake: karibu patupu! Kumbe ng'ombe ndio waliopandisha jumla ya Ogwedhi, na mbuzi wa soko jingine, Rangwe, ndio waliopandisha jumla ya mbuzi. Wa kwako walipotelea katikati.

Na kosa ni letu. Tulichanja siku ya soko, wanaume wakileta ng'ombe. Akina mama wenye mbuzi siku hiyo wako upande wa pili wanauza maziwa. Nani angewaleta?

Meneja aliliangalia jedwali, akatia sahihi chanjo iendelee. Jana wachanjaji walipita boma kwa boma, na mimi nyuma yao. Mama Robi, yule mjane uliyempigania kila mkutano, alitoa mbuzi wake wote, hata yule kilema. Watu walipokusanyika nikasimama nikasema, "Baba yangu alikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea." Walipiga makofi, Baba, kwa jina lako! Nililia bila aibu, na nilikuwa na furaha tele.

Pumzika sasa, Jaduong', mzee wangu, vita hivi umevimaliza. Nami nakuahidi: kabla sijamwambia mtu kwamba mnyama wake hafi, nitakwenda kwanza zizini kwake nimwone.

Binti yako,
Atieno