Makumbi niliyoyafukua kabla ya siku zake

Jumatano. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, mchana jua likachoma. Nimeoga mara mbili na bado nanuka tope la pwani.

Nina hasira leo. Na raha kidogo.

Mama yangu, Bi Mize, anapiga makumbi ya nazi tangu mimi sijazaliwa. Unayafukia kwenye tope la pwani miezi mpaka yalainike, unayafukua, unayapiga kwa rungu, nyuzi zake, usumba, unazisokota kamba. Mwaka huu mgongo ukamshika. Daktari akasema asiiname tena topeni wala asibebe mizigo. Kaka Faki akapiga simu kutoka Unguja: kazi basi, Mama apumzike. Nikaitikia. Rungu nikalificha chini ya kitanda changu.

Nilidhani huko ndiko kumpenda.

Tangu hapo Mama ni wa kukaa barazani tu. Vidole vimekakamaa, presha imepanda, chakula anakidonoa. Mwanangu Sumaiya akimpandia mapajani, anamtazama kama mtoto wa watu.

Basi leo maji yalipokupwa nikamwacha Sumaiya kwa jirani, nikaenda na jembe kwenye shimo la Mama la makumbi, angalau ayashike tena. Nikarudi na gunia kichwani, najiona shujaa. Mama akachukua kumbi moja, akalibonyeza kwa kidole gumba. Gumu. Kumbe nilifukua upande aliofukia mwisho.

Akacheka. Sijamsikia akicheka tangu nilifiche rungu. Akaniuliza hiyo shule kidogo niliyokwenda nilisomea nini. Halafu akasema taratibu, "Umeyatoa siku zake hazijafika, mwanangu. Kama mlivyonitoa miye."



Nikaenda chumbani, nikalitoa rungu, nikamwekea mapajani.

Jirani hakuchelewa kumpasha habari Kaka Faki. Kanipigia jioni, kasema namuua mama yake. Nikamwambia, "Kaka, daktari kakataza kuinama na kubeba. Kukaa akapiga hakukataza. Kuinama nitainama mimi."

Akakata simu. Na akate.

Dawa za presha Mama ataendelea kunywa, na kigoda chake nimekitilia mto. Akichoka atapumzika, lakini kuchoka kwake atakusema yeye, si sisi.

Kesho maji yakikupwa nayarudisha makumbi topeni. Mama kasema atakuja, akae kivulini anioneshe pa kuchimba, maana mimi haniamini tena.

Aje.