Kibali cha saa moja

Jumanne

Picha zote ishirini za zabibu zangu zimefika! Asubuhi nilidhani nimemwaibisha Neema wangu mbele ya mabosi wake waliokuwa wakizisubiri kule mjini, maana programu aliyoitengeneza mwenyewe, mwanangu huyo, ilikataa kuzituma. Eti kibali kimekwisha.

Nikampigia. Akacheka. "Mama, kibali cha kutuma kinadumu saa moja tu tangu uingie kwenye programu. Uliingia saa ngapi?"

Niliingia nikiwa bado nyumbani, niwahi. Halafu njiani kuna shikamoo, kuna uji kwa jirani, mama Chiku...

"Sasa niwapite watu kama mbuzi?" nikamuuliza.

Nikaingia upya palepale shambani, zikapanda zote. Jioni Neema kanipigia: mabosi wameagiza programu iwe inajiombea kibali kipya yenyewe. Basi nimewafundisha kazi, mimi wa darasa la saba!