Unga Mweupe Kwenye Majani

Jumatatu, 3 Machi
Nimemwagilia mimea kabla ya kwenda shule. Kijiko cha chumvi kwenye kopo la maji, kama kawaida. Nyasi zinachipua vizuri. Nilizing'oa kando ya ziwa kule Turkana nilipopata uhamisho wa kurudi nyumbani, pamoja na kichaka cha majani manene. Nikavileta hadi hapa Ikonge ndani ya makopo ya rangi. Nimeviweka upenuni visipigwe na mvua. Nyasi hunywa maji pamoja na chumvi, kisha huisukuma chumvi nje kupitia vitundu visivyoonekana kwa macho. Ikikauka, jani linabaki na unga mweupe. Kichaka kina njia yake. Hurundika chumvi kwenye majani makuukuu, yakijaa yanakuwa mekundu, yanadondoka. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu watapenda. Mama haoni maana yake.

Jumatano, 5 Machi
Mama ameanza kupangusa ule unga kwa kidole na kuutia bakulini. Ameuonja. Anasema ni chumvi nzuri, kwa nini ipotee. Tumecheka sana. Sijamwona akicheka hivyo tangu tumzike baba.

Ijumaa, 7 Machi
Ng'ombe wa Baba Nyaboke, jirani wetu wa chini, alipenya ua jana akala nyasi za kopo moja. Leo amelala, hasimami. Nyasi chache haziwezi kumwangusha ng'ombe. Najua. Hata hivyo sijatulia.

Jumapili, 9 Machi
Ng'ombe amekufa. Nilienda kutoa pole. Mama Nyaboke alinipokea, mumewe hakutoka ndani. Niliporudi, wanawake waliokuwa wakichuma chai walinyamaza hadi nikapita.

Jumatatu, 10 Machi
Sasa najua. Mama Nyaboke alinivuta kando kwenye kituo cha kuuzia majani ya chai.
"Mwalimu, wanasema mama yako anakusanya unga asubuhi. Unga wa nini?"
Nikamwambia ni chumvi, mmea wenyewe unaitoa.
"Mimi nimesikia. Waambie wao."
Hakulitamka lile neno. Hakuna haja. Nilikuwa darasa la sita walipomchoma bibi kizee mmoja ng'ambo ya mto, wakimwita mchawi. Hakuulizwa chochote. Nyumba yake ilitoa moshi mpaka kesho yake, na watu wazima walitukataza kuitazama.
Naogopa. Siwezi kuandika vinginevyo.

Jumanne, 11 Machi
Nimemwita daktari wa mifugo. Amemkuta ndama wa Baba Nyaboke na uvimbe chini ya masikio, na kupe tele. Ndigana, homa ya kupe. Anasema huenda ndiyo iliyomuua pia mama yake, yule ng'ombe. Ameacha dawa. Baba Nyaboke amekataa ndama adungwe. Eti daktari ni rafiki wa mwalimu.
Jioni mawe mawili juu ya bati.
Nimemwomba Mama aende akae kwa mwalimu mwenzangu kule Nyanchwa. Amekataa. Anasema akikimbia watasema amekiri.

Alhamisi, 13 Machi
Wamekuja. Baba Nyaboke mbele, vijana nyuma yake, mmoja ameshika kidumu cha plastiki chenye petroli, hata hakukificha. Ashukuriwe Mungu naibu wa chifu na mzee wa kanisa walifika pia. Nilikuwa nimewapigia simu tangu asubuhi.
Nikayatoa makopo nje. Nikaanza kueleza kwa Kiswahili kana kwamba niko darasani, nikajishtukia, nikarudi kwa lugha yetu, Ekegusii. Sijui walisikia nini.
Mama ndiye aliyeinuka. Akachuma jani, akaliramba mbele yao, kisha akalitafuna lote. Akamnyooshea Baba Nyaboke kopo. Yule akakunja mikono.
Kijana mmoja akasema, "Yeye amezoea. Haiwezi kumdhuru."
Hapo nilidhani tumekwisha. Naibu wa chifu alikuwa akisema kitu, hakuna aliyemsikiliza.
Mama Nyaboke akapita katikati yao. Mumewe akamwambia aache. Hakuacha. Akachuma jani, akaramba, akasimama hapo wote wakimtazama usoni.
"Ni chumvi," akamwambia mumewe. "Na yule ndama ana ndigana. Twende umdunge kabla hujampoteza naye."
Hakuna aliyeomba msamaha. Mzee wa kanisa aliomba dua fupi. Wakaondoka mmoja mmoja. Yule wa petroli aliondoka wa mwisho.
Nikayarudisha makopo upenuni.

Ijumaa, 14 Machi
Nimeipeleka mimea yote shuleni kwa bodaboda. Wanafunzi wameramba majani, wamecheka, wameuliza maswali mazuri. Mmoja ameuliza kwa nini mmea usikatae tu kuinywa hiyo chumvi. Nikamwambia ipo mimea inayoizuia mizizini, lakini hii imepata njia ya kuishi nayo. Nilifundisha vizuri. Nilikuwa na hasira kipindi chote.

Jumapili, 23 Machi
Ndama amepona. Mama Nyaboke alikuja mchana, akakaa nje na Mama wakichambua chinsaga, wakiongea habari za watoto. Mumewe alipita njiani. Akanisalimu mimi. Hakumsalimu Mama. Mama akaendelea na mboga kana kwamba hakuona.
Mama alikuwa akipenda kukaa nje mpaka giza liingie. Leo jua halijashuka nyuma ya kilima, ameniomba nimwingizie kiti ndani. Nimekiingiza. Nimefunga mlango, nikatia komeo.