Kabla Hujashika Jiwe

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nyuma ya daftari la fizikia, maana kusema siwezi. Unanijua.

Daraja la Busisi sasa linapitika. Viazi vyetu vinavuka kwa gari, mtumbwi wako tumeufunika turubai. Mama hataki hata kuuangalia. Wala hataki kumwangalia Baba mdogo. Jana alikuja akasimama mlangoni: "Shemeji, hamjambo humu?" Mama akaendelea kupepeta mchele. Anaamini wewe uliteleza kwa sababu Baba mdogo aliazima mtumbwi kubebea dagaa siku moja kabla, akaurudisha bila kuuosha. Alimwambia hivyo msibani, mbele za watu. Baba mdogo hakubisha. Labda na yeye ameshaamini.

Baba, hukuteleza.

Unakumbuka utaratibu wako? Tukifika ufukweni unainama, unalishika jiwe kwa mkono, unasema, "Nimeshika!" Ndipo mtu ashuke. Mimi nilikuwa naruka kabla, nawe unacheka: "Huyu anawahi harusi yake?" Mtumbwi ulikuwa unatikisika kidogo tu, kwa kuwa magunia ya viazi yalikuwa ndani.

Siku ile tulirudi bila mzigo. Nikawaona wenzangu wa darasani wamekaa juu ya mawe. Wakaanza: "Nahodha! Nahodha karudi!" Niliona aibu, Baba. Aibu ya mtumbwi wetu, ya gauni langu lililolowa. Wewe ulikuwa umesimama, ndiyo kwanza unainama. Nikaruka kwa nguvu zangu zote.

Sikugeuka. Nilisikia tu kichwa chako na jiwe.

Hospitalini ulifungua macho mara moja, ukaniuliza kama nililowa sana. Nikasema hapana. Hilo ndilo neno la mwisho nililokwambia, na lilikuwa uongo.

Wiki iliyopita mwalimu alifundisha, kwa Kiingereza kama kawaida, mimi nikitafsiri kichwani. Ukisukuma kitu, nacho kinakusukuma, nguvu ileile, upande wa pili. Wewe ukienda mbele, chenyewe kinarudi nyuma, na kadiri kilivyo chepesi ndivyo kinavyokwenda kasi. Akauliza mifano. Mmoja akasema bunduki, mwingine akasema puto. Mimi mfano ninao, Baba. Niliinamisha kichwa mpaka kengele ikalia.

Nyumbani nikapiga hesabu. Uzito wangu, uzito wa mtumbwi na wewe ndani yake. Kisha nikaweka magunia, nione ingekuwaje. Nikayatoa. Nimefuta mara tatu, ukurasa umetoboka, jibu ni lilelile.

Nilidhani nikinyamaza, mambo yatatulia. Hayatulii. Nilikusukuma wewe, sasa Baba mdogo ndiye anayeanguka, kidogo kidogo, kila anapobisha hodi.

Kesho ni Jumapili. Akipita kutoka kanisani nitamshika mkono nimwingize ndani. Nitamwomba Mama aache anachofanya. Halafu nitasema, wote wawili wakinisikia. Naogopa Mama atanitazama mimi jinsi anavyomtazama yeye. Basi na anitazame. Nakuahidi, sitatoka humo ndani mpaka nimemaliza.

Pumzika, Baba. Nililowa sana, nisamehe. Kesho nikianza kufungua mdomo, wewe shika jiwe. Safari hii nitasubiri.

Binti yako,
Nyamizi