Vipapasio vya Kubandika

Jumatano jioni, Koboko

Nikasema, "Asante, Madam." Asante! Kwa kitu gani?

Juzi nilikuwa nikipanga mbawakawa tuliowatoa kwenye magogo ya Lobule, nikamvunja mmoja vipapasio vyote viwili. Niliogopa. Nikang'oa vya mwingine aliyeharibika, vifupi na vinene, nikambandikia yule wa kwanza kwa gundi.

Leo Madam Zaitun, mtafiti wa wadudu aliyenipa kazi nilipomaliza shule, alimtazama mbawakawa huyo kwa lenzi mpaka chai yake ikapoa. Wadudu hawa wanaokula mbao yeye huwatambua kwa vipapasio.

"Asha, kuja uone! Huyu haiko ya jenasi yetu, ile kikundi ya wadudu tunajua. Hakuna mutu amewahi kuona hii!" Akanishika mabega. "Tutamuita na jina yako. Na hata asante hakuna?"

Hapo ndipo nikashukuru.

Kesho anatuma picha kwa wataalamu wenzake. Watamcheka yeye, si mimi.

Nimempigia simu ili nikiri. Akapokea: "Sema, mwanasayansi wangu!" Nikakata.

Vipapasio vya kweli ninavyo, kwenye kisanduku cha kiberiti. Asubuhi nitakiweka mezani kwake kabla hajapiga picha. Mdomo wangu ukikataa kusema, atakifungua mwenyewe, nami nitabaki pale pale mbele yake.