Ndege wa Ziwa Letu

Göttingen, 2 Februari 1768

Kwa Baba yangu mpendwa, Mchungaji Hemming Wallenius,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe pamoja na Mama na dada yangu Brita. Natumaini kifua chako kimepata nafuu, na kwamba barafu ya ziwani imeshika vizuri mwaka huu. Mimi ni mzima. Baridi ya huku Ujerumani ni ya kuchekesha, ila wenyeji wanalalamika kama watu wanaochunwa ngozi.

Katika barua yako ya Desemba uliniuliza kama nimepangiwa siku ya kutetea tasnifu. Nilipangiwa, Baba, ilikuwa iwe Alhamisi ijayo. Unazijua taratibu zenyewe: profesa anaandika, mwanafunzi anasimama mbele ya watu kuitetea kwa Kilatini, kisha anapewa shahada. Profesa Hollmeier ameandika kwamba mbayuwayu hawasafiri popote wakati wa baridi, bali hujizika kwenye matope chini ya maziwa mpaka theluji iyeyuke. Ushahidi wake mkubwa ni barua uliyomwandikia miaka kumi na tatu iliyopita, juu ya mbayuwayu wanne waliotolewa kwa wavu chini ya barafu ya ziwa letu. Ameichapa yote, na jina lako kwa herufi kubwa. Ni barua hiyo iliyonipatia kiti mezani kwake tangu siku niliyofika.

Septemba alinituma niwajaribu ndege wenyewe. Niliwazamisha mbayuwayu sita kwenye pipa la maji, wote wakafa kabla sijamaliza Baba Yetu. Profesa akasema kosa ni langu, sikuweka matope. Nikarudia na matope. Joachim, ninayekaa naye chumba kimoja, akaniambia, "Wewe Torkel, ukienda hivi, Pasaka baba yako atakosa hata ndege mmoja wa kumfufua." Kaka yake ni baharia, naye anaapa kwamba amewaona mbayuwayu wetu hawa hawa, mwezi wa Desemba, wakitua kwenye kamba za meli karibu na pwani ya Afrika. Huenda wako watu huko wanaowaona kila mwaka wala hawashangai.

Lakini mimi sikuhitaji pipa wala baharia. Nimejua tangu nina miaka tisa.

Wale wanne waliotoka na wavu siku ile niliwatia mimi ziwani. Mwisho wa kiangazi nilikiangusha kiota cha ghalani kwa fimbo, ingawa ulikuwa umetukataza, na makinda wanne waliokaribia kuruka wakafa. Nikawaficha chini ya vumbi la mbao katika chumba cha kuhifadhia barafu, wasioze. Wanaume walipokuja kuingiza barafu mpya niliogopa, nikawatumbukiza kwenye tundu ambalo wavuvi walitoboa katika barafu ya ziwa. Kesho yake wavu ukawaleta miguuni pako. Ulipiga magoti pale pale kwenye theluji. Ukawaweka karibu na jiko ili waamke, na walipokataa ukasema tumewapasha moto haraka mno. Ulikuwa na furaha ambayo sijaiona tena usoni mwako, nikashindwa kusema. Tangu hapo kila Pasaka nimekusikia ukiwataja mimbarini kuwa mfano wa ufufuo, na kila Pasaka nimekaa pale kwa aibu.

Leo asubuhi nilimweleza Profesa yote. Akaniuliza kama niko tayari kumfanya baba yangu kichekesho kwa ajili ya ndege wanne. Nikamjibu kwamba baba yangu aliandika alichokiona kwa macho yake, mwongo ni mimi, na hivyo ndivyo nitakavyosema hadharani. Amenifukuza mezani pake. Sawa. Mwoka mikate wa mtaa wetu anataka kufundishwa Kilatini, atanilisha. Tasnifu nitaiandika mwenyewe, nitaitetea Juni, na ukurasa wa kwanza, ule wa shukrani, utabaki na jina lako.

Nimeiwahisha barua hii ikukute kabla hujapanda mimbarini Pasaka hii. Waumini wako wataamini ufufuo bila ndege wangu. Kama huwezi kunisamehe sasa, nitangoja. Kurudi nyuma sirudi.

Mama mwambie nguo za sufu zilifika na zinanitosha. Brita naomba umwite peke yake. Ulimchapa yeye kwa ajili ya kiota kile, naye alijua ni mimi, akanyamaza.

Wako kwa utii na upendo,

Mwanao Torkel