Karani Hajatoa Hewa

Jumatatu, 14 Julai 2025
Saida, fundi cherehani ninayegawana naye baraza hapa Nyamisangura ninapowaandikia watu barua, ameniomba nimwandikie malalamiko kwa mwenyekiti wa mtaa. Mlalamikiwa — mbwa wangu Karani! Eti hutoa hewa chafu chini ya meza yangu, na wateja wake hukimbia kabla hajamaliza kuwapima. Niliandika bila kumpendelea mlalamikiwa: "harufu isiyovumilika, itokayo mara kwa mara na pasipo onyo." Nilipomsomea, Saida alicheka hadi akashika ukuta. Hata hivyo ametia sahihi. Ataipeleka Ijumaa, nisipomwondoa mbwa.

Jumanne, 15 Julai
Nimeanzisha uchunguzi. Nimemlisha maharage: mara sita kabla ya saa tano. Mteja wangu Heche, mfugaji wa Gorong'a, alistaajabu kwamba nahesabu. Kwao mbwa hulala nje na ng'ombe, nani atamnusa? Akaongeza kuwa mbwa anukaye hivyo ameshiba, na sifa ni ya mwenye mji. Sikuwahi kulitazama suala hili kwa upande huo.

Jumatano, 16 Julai
Ugali na dagaa. Mara tatu tu, ila nzito zaidi. Ajabu — kila mara Karani hugeuka kutazama nyuma, kana kwamba ameitwa. Mke wangu Felista amesema nami hufanya vivyo hivyo.

Alhamisi, 17 Julai
Kimya tangu alfajiri. "Mzee, umemfunza adabu!" Saida akanipongeza. Nilifurahi hadi saa nane, nilipoona tumbo la Karani limevimba kama ngoma. Gunzi la mahindi! Amelimeza zima. Gidion, daktari wa mifugo, amemnywesha mafuta na kumchoma sindano. Nikamwuliza dalili ya kitaalamu ya kupona.
"Ajambe tu, mzee. Kesho saa sita asipojamba, tunampasua. Na kwa umri wake, siahidi kitu."

Ijumaa, 18 Julai
Saa nne. Hakuna. Hainui kichwa. Nimewarudisha wateja wawili.

Saa tano na nusu. Saida ameacha kukanyaga cherehani ili tusikie. Mama mmoja kutoka Sirari, aliyefuata gauni lake, ameuliza kulikoni. "Tunangoja mbwa ajambe," akaambiwa. "Woi, pole yake," naye akaketi.

Saa sita kasoro. Gidion amefika na mkoba. Saida amemzuia kwenye ngazi: "Daktari, dakika kumi tu, tafadhali." Sasa Saida amepiga magoti chini ya meza yangu, pua karibu kabisa na mkia. Ameinua kidole tunyamaze. Aniuliza kama nami nimeisikia harufu.
Naweka kalamu, nikanuse —